Mraba Uliokosa Pembe

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya walimu wa hisabati na wanafunzi wa Kidato cha Pili. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani nimeiacha, na pale inapohitajika nimeieleza kwa maneno.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wakuu wa shule, walimu wenzangu, na ninyi wanangu wa Kidato cha Pili mliokaa safu za mbele, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mlinganyo wa kipeo cha pili, yaani ule ambao kipeo chake kikubwa ni x², na namna ya kutafuta vigawo vyake. Ni mada niliyoifundisha miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliifundisha vibaya. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu naamini wengi wetu tuliomo ukumbini tumeifundisha kwa njia ile ile, tukiwarithisha watoto jinsi tulivyofundishwa sisi.

Tazameni tunavyofanya. Mwalimu anaandika ubaoni x² + 7x + 12, anageukia darasa na kuuliza: ni namba gani mbili ambazo jumla yake ni saba na zao lake ni kumi na mbili? Darasa linaanza kurusha majibu. Mbili na sita! Hapana. Moja na kumi na mbili! Hapana. Tatu na nne! Vizuri sana, mpigieni makofi. Ndugu zangu, mtoto amejifunza nini hapo? Amejifunza kwamba aljebra ni kubahatisha, na kwamba wapo waliozaliwa na bahati hiyo na wapo waliozaliwa bila. Siku ya mtihani akiona namba ambayo bahati haimletei jibu lake, anaweka kalamu chini.

Nimekuja kusema jambo moja tu, nami nitalirudia mpaka mnichoke: katika mlinganyo wa kipeo cha pili hakuna kubahatisha.

Nianze na jina. Kila mtoto aliyemaliza shule ya msingi hapa Tanzania anajua vigawo. Mwambie akutajie vigawo vya 12, atakutajia bila kuvuta pumzi: 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Mpe 18 na 24, atakutafutia Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS tunayoijua wote, na kukwambia ni 6. Kisha mtoto huyo anaingia sekondari, lugha ya kufundishia inakuwa Kiingereza, jambo lile lile linabadilishwa jina, wala hakuna anayemweleza kwamba ni lile lile. Anadhani amefika nchi ya ugenini, ilhali yumo nyumbani kwao na samani tu ndizo zilizohamishwa.

Niliwahi kusimamia kipindi cha jioni ambapo msichana mmoja, baada ya wiki tatu nzima za mada hii, aliinua mkono taratibu akauliza: "Mwalimu, kumbe hivi ndivyo vile vigawo vya shule ya msingi?" Wiki tatu! Alikuwa amefanya maswali yote, mengine akayapata, bila kujua anachokifanya ni nini. Siku ile nilimwita mbele nikamwambia aandike x² + 7x + 12 = (x + 3)(x + 4), kisha aiondoe x na kuweka 10 mahali pake. Upande wa kushoto akapata 100 na 70 na 12, yaani 182. Upande wa kulia akapata 13 mara 14. Akazidisha pembeni mwa ubao, ikatoka 182. Akanitazama, akaitazama ile 182, akaweka 100 bila kuambiwa na mtu: 10,712 upande huu, na 103 mara 104 upande ule. Zikalingana. Darasa zima likaanza kumtajia namba za kujaribu, na kila walipoweka namba pande zilikuwa sawa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto akiambiwa tu kuwa x ni namba ambayo bado haijatajwa, vigawo vya x² + 7x + 12 vinakuwa ndugu wa damu wa vigawo vya 182. Hata namba tasa zina ndugu zao upande huu. Chukueni x² + 7x + 11 mweke 10. Mtapata 181, nayo ni namba tasa. Kama mtajo ule ungevunjika kuwa mabano mawili yenye namba nzima ndani yake, basi 181 nayo ingevunjika kuwa zao la namba mbili kubwa kuliko moja, na haivunjiki. Kwa hiyo tumejua kwa hakika, bila kubahatisha, kwamba hakuna namba nzima za kutafutwa pale. Mtoto anayekesha akizitafuta anatafuta kitu kisichokuwepo, na sisi ndio tuliomtuma.

Jambo la pili ni sifuri. Tunatafuta vigawo ili iweje? Waulizeni wanafunzi wenu kesho mtaona watakavyonyamaza. Tunavitafuta kwa sababu sifuri ina tabia ambayo namba nyingine yoyote haina: zao likiwa sifuri, lazima mmoja wa waliozidishwa awe sifuri. Zao likiwa 10 huwezi kujua lolote kuhusu waliozidishwa, kwani wanaweza kuwa 2 na 5, au 20 na nusu, au 100 na sehemu moja ya kumi. Zao likiwa sifuri umewakamata.

Naikumbuka sana siku niliyosahihisha daftari la kijana mmoja aliyepewa (x − 2)(x − 5) = 10. Aliandika kwa mwandiko mzuri wa kuinamia kulia: x − 2 = 10, au x − 5 = 10; kwa hiyo x ni 12 au 15. Nikamwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, nikafungua daftari la mwingine. Sikumwita, wala sikumwuliza. Yule kijana alikuwa ameshika kanuni niliyomfundisha mimi mwenyewe, akaitumia kwa uaminifu mahali isipofanya kazi, kwa kuwa sikuwahi kumwambia kwamba nguvu yote ya kanuni ile imo ndani ya sifuri. Kalamu yangu ilimwambia amekosa, lakini haikumwambia kwa nini, na mwaka mzima uliofuata hakuinua tena mkono katika kipindi changu. Hilo linaniuma hadi leo.

Ningemwita, tungefanya hivi. Tungeweka 12 katika swali lake tuone: 10 mara 7 ni 70, nayo si 10. Kisha tungefungua mabano tupate x² − 7x + 10 = 10, tuondoe 10 pande zote mbili, ibaki x² − 7x = 0, yaani x(x − 7) = 0. Sasa sifuri imekaa peke yake upande wa kulia, na sasa ndiyo tunaruhusiwa kusema: ama x ni 0, ama x ni 7. Tungehakiki: tukiweka 7 tunapata 5 mara 2, ambayo ni 10. Tukiweka 0 tunapata −2 mara −5, ambayo nayo ni 10. Walimu wenzangu, kabla hamjamwonyesha mtoto mabano mawili, mwonyesheni sifuri. Mtajieni zao lolote, akiri kwamba hawezi kuwajua waliozidishwa. Kisha mtajieni sifuri, acheke mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye mraba, nami naomba uvumilivu wenu kwa sababu hapa nitakaa zaidi.

Katika karne ya 9, mjini Baghdad, wakati wa utawala wa khalifa al-Ma'mun, yaani kati ya mwaka 813 na 833, aliishi mwanachuoni aliyeitwa Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu cha hesabu, na jina la kitabu hicho lilibeba maneno mawili: al-jabr na al-muqabala. La kwanza maana yake ni kurudishia kilichopungua, na katika Kiarabu ndilo lililotumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Kutoka neno hilo dunia nzima imepata aljebra. La pili tunalo sisi wenyewe katika lugha yetu. Mnaposema duka lile liko mkabala na msikiti, mnasema neno la al-Khwarizmi: vitu viwili vinavyotazamana, na katika hesabu vinavyofanana vinapotazamana pande mbili za mlinganyo huondoleana.

Sikilizeni na hili. Al-Khwarizmi hakuwa na x. Aliandika kila kitu kwa maneno. Namba isiyojulikana aliiita mzizi, na kipeo chake cha pili alikiita māl. Mali! Neno lile lile tunalolitumia tukisema mali ya baba, mali ya umma. Swali lake mashuhuri kuliko yote linasema: mali pamoja na mizizi kumi ni sawa na dirhamu 39. Sehemu ya mwisho ya kitabu chake inahusu wasia na mirathi, namna ya kugawa alichoacha marehemu ili kila mrithi apate haki yake. Hesabu, sifuri, mali, wasia, mirathi, mkabala: mwanafunzi wetu anakwenda shuleni na maneno haya yote kinywani, kisha tunamwambia kwamba aljebra ni kitu cha kigeni kwake. Je, ni haki hiyo?

Turudi kwenye swali. Mali pamoja na mizizi kumi ni sawa na 39; sisi tungeandika x² + 10x = 39. Al-Khwarizmi alilijibu kwa kuchora, nami nilijifunza kulifundisha kwa maboksi.

Nilikuwa na darasa la wanafunzi themanini na vitabu vichache. Jumamosi moja nilichukua maboksi matupu ya sabuni kutoka duka la jirani, nikakaa barazani na wembe, nikakata vipande vya aina tatu. Aina ya kwanza ilikuwa mraba mkubwa, upande wake sawa na urefu wa penseli mpya. Sikutaka mtu aupime, kwa hiyo huo ndio uliokuwa x yetu. Aina ya pili ilikuwa vipande vyembamba, urefu penseli moja na upana sentimita mbili, na sentimita mbili hizo ndizo tulizoziita moja. Aina ya tatu ilikuwa miraba midogo, sentimita mbili kwa mbili. Jumatatu nikagawa: kila kundi mraba mmoja mkubwa, vyembamba vitano, vidogo sita. Hiyo ni x² + 5x + 6. Nikasema: vipangeni vyote vitoke mstatili mmoja usio na tundu, na kisibaki hata kipande kimoja.

Kundi la kwanza liliweka vyembamba vyote vitano upande mmoja wa mraba. Likapata mstatili mzuri, lakini vile vidogo sita vikabaki mkononi bila pa kuviweka. Kundi la pili liliweka kimoja juu na vinne kando. Pembe iliyobaki ikahitaji vidogo vinne, viwili vikabaki. Kundi la tatu liliweka viwili juu na vitatu kando. Pembe ikahitaji sita. Vikaingia vyote. Kijana aliyekitia kile cha mwisho alikisukuma kwa kidole gumba mpaka kikalala sawasawa na vingine, kisha akainuka na kutazama huku na huku kama mtu aliyefunga bao.

Sikuwaambia kwamba jumla iwe tano na zao liwe sita. Wao ndio walioniambia. Waliona kwa macho kwamba vyembamba vinagawanywa pande mbili, na kwamba pembe inajazwa na zao la mgawanyo huo. Pande za mstatili wao zilikuwa x + 2 na x + 3, na tangu siku ile katika darasa lile hakuna aliyeniuliza vigawo vinatoka wapi.

Sasa chukueni x² + 10x. Mraba mmoja mkubwa, vyembamba kumi, na kidogo hata kimoja hakuna. Gawanyeni vyembamba kwa haki, vitano juu na vitano kando. Mnapata nini? Mnapata umbo linalokaribia kabisa kuwa mraba, lakini limekosa pembe. Pembe hiyo ni ya vidogo vitano kwa vitano, yaani 25. Al-Khwarizmi anasema: ijazeni. Eneo lililokuwepo lilikuwa 39. Mkiongeza 25 linakuwa 64. Mraba wenye eneo la 64 una upande wa 8, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 64 ni 8. Upande huo ni x pamoja na tano. Basi x ni 3.

Naomba mnyamaze kidogo muifikirie pembe ile. Kila tunachokiita kukamilisha mraba, kila kanuni ndefu yenye alama ya kipeuo tunayomkaririsha mtoto, imetoka katika pembe ile iliyokosekana. Umbo limepungukiwa, tumelirudishia kilichopungua. Al-jabr. Mfupa umeungwa.

Al-Khwarizmi aliishia kwenye 3. Sisi tunajua kwamba −8 nayo ikizidishwa yenyewe inatoa 64, kwa hiyo x + 5 inaweza kuwa −8, na x ikawa −13. Yeye alikuwa anapima pande za umbo, na hakuna upande ulio hasi. Ndiyo sababu aliigawa milinganyo yake katika aina sita ili mitajo yote ibaki chanya. Mwanafunzi wako akikuuliza kwa nini jibu moja linakubaliwa katika swali la shamba na lingine linaachwa, mwambie hivyo. Mlinganyo unatoa majibu mawili, na shamba linachagua.

Nimefika kwa shangazi yangu.

Shangazi alitaka kuzungushia kuku wake uzio, naye alikuwa na wavu wa waya wa mita 40, hauongezeki wala haupungui. Fundi mmoja alikuwa amemwahidi uzio wa mstatili wenye eneo la mita 120 za mraba kwa wavu ule ule. Nilipofika nilimwamkia, akaitikia, akanivutia kigoda akasema: "Mwanangu, wewe ndiye mwalimu wa mahesabu. Hebu niangalizie kama huyu fundi wangu anajua anachosema."

Nilichukua kijiti nikachora chini. Wavu wa mita 40 ukizunguka pande nne, urefu na upana wake ukivijumlisha ni mita 20. Namba mbili ambazo jumla yake ni 20: nianzie wapi? Zamani ningeanza kubahatisha, 15 na 5, 11 na 9. Safari hii nilianzia katikati. Nikamwambia, "Shangazi, tuseme pande zote ziko sawa, kumi kwa kumi. Eneo ni mia moja. Sasa tuchukue mita moja upande huu tuipeleke upande ule." Akasema, "Tisa na kumi na moja." Zao lake ni 99. Mita mbili: 8 na 12, zao ni 96. Mita tatu: 7 na 13, zao ni 91. Akakitazama kile kijiti, akasema kabla yangu, "Kila tukihamisha, tunapoteza."

Tunapoteza kiasi gani? Mita moja ilipoteza 1, mita mbili zilipoteza 4, mita tatu zilipoteza 9. Tunapoteza kipeo cha pili cha tulichohamisha. Ndugu zangu, hii ndiyo tofauti ya miraba miwili: (10 + u)(10 − u) = 100 − u², ambapo u ni mita tulizohamisha. Wanafunzi wanaikariri kama shairi, na shangazi yangu, ambaye hakupata nafasi ya kusoma sekondari, aliigundua akiwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchicha.

Ile 120 ya fundi je? 100 toa u² iwe 120, maana yake u² ni −20. Unahamisha kitu gani ambacho kikizidishwa chenyewe kinatoa hasi ishirini? Hakuna uzio wa namna hiyo. Sidhani kama fundi alitaka kumdanganya. Hakuwa amepima tu. Mwishowe, kwa sababu ya mwembe uliokuwa pale uani, shangazi alichagua 12 kwa 8.

Walimu wenzangu, angalieni tulichokifanya pale chini ya mwembe. Tulikuwa tunatatua x² − 20x + 96 = 0, na x² − 20x + 120 = 0, bila kubahatisha hata mara moja. Jumla ni 20, nusu yake ni 10, kipeo cha pili cha nusu hiyo ni 100. Ondoa zao lililotakiwa, tafuta kipeuo cha kilichobaki, kisha ukiongeze na kukitoa kwenye ile nusu. Mwaka 2019 mwanahisabati Po-Shen Loh wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliwakumbusha walimu wa dunia njia hii, na mwenyewe alisema wazi kwamba mawazo yaliyomo ni ya kale. Ni pembe ile ile ya al-Khwarizmi ikitazamwa kutoka upande mwingine.

Uzuri wake unaonekana pale namba nzima zinapokosekana. Chukueni x² − 6x + 7 = 0. Anayebahatisha atasema vigawo vya 7 ni 1 na 7, jumla yake ni 8, si 6, basi swali halina jibu. Anayeanzia katikati anasema: nusu ya 6 ni 3, 9 toa 7 ni 2, basi majibu ni 3 kuongeza kipeuo cha pili cha 2, na 3 kutoa kipeuo cha pili cha 2. Kazi imekwisha kwa mistari miwili. Na kama x² imetanguliwa na namba, gawanya kwanza kila kitu kwa namba hiyo, kisha endelea vile vile. Ile kanuni ya jumla tunayoibandika ukutani haina zaidi ya hayo. Ni maneno haya haya yakiandikwa kwa herufi. Kile kilicho chini ya alama ya kipeuo kikiwa hasi, mwanafunzi asiandike tu kwamba mlinganyo hauna jibu. Aseme fundi ameahidi eneo lisilowezekana.

Sisemi kwamba jicho lisitumike. Namba zikiwa ndogo na jicho limeona 3 na 4, ziandike, endelea. Ninachokataa ni kumwacha mtoto aamini kwamba jicho ndilo njia pekee.

Wapo watakaouliza kuhusu vipeo vya juu zaidi, nami nitapita haraka. Kwa kipeo cha tatu na cha nne kanuni zilipatikana Italia, na Girolamo Cardano akazichapisha mwaka 1545. Kwa kipeo cha tano watu walihangaika karibu miaka mia tatu, mpaka Niels Henrik Abel wa Norway alipothibitisha mwaka 1824 kwamba hakuna kanuni ya jumla inayojengwa kwa vipeuo itakayotosha. Muda mfupi baadaye kijana wa Kifaransa, Évariste Galois, aliyefariki mwaka 1832 akiwa na miaka 20 tu, akaeleza ni milinganyo ipi inatatulika kwa njia hiyo na ipi haitatuliki. Abel naye alifariki akiwa na miaka 26. Nawatajia umri wao kwa makusudi, ninyi wanangu wa safu za mbele. Jueni pia kwamba polinomia yoyote yenye namba halisi, yaani mtajo uliojengwa kwa vipeo vya x kama ule wa x² + 7x + 12, hata iwe na kipeo cha mia, inaweza kuvunjwa kuwa vigawo vya kipeo cha kwanza na vya kipeo cha pili tu. Hakuna kigawo kingine kinachohitajika. Kwa hiyo mnachojifunza mwaka huu ndicho kipande kikubwa kuliko vyote mtakachowahi kukihitaji katika kuvunja polinomia za namba hizo.

Nimebakiza swali moja, na hili ni lenu ninyi wanafunzi. Walimu naomba wakae kimya. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kimehifadhiwa kibao cha udongo kilichoandikwa Mesopotamia, nchi ya Iraki ya leo, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Swali lake la kwanza ni la mraba: ukijumlisha eneo lake na upande wake unapata robo tatu, upande ni kiasi gani? Mwandishi wa kibao hakumwambia mwanafunzi wake abahatishe. Alimpa hatua moja baada ya nyingine, na ya kwanza kabisa ni kuchukua moja na kuikata katikati.

Maboksi yako pale nyuma karibu na mlango, na mkasi ninao. Safari hii mnacho chembamba kimoja tu, na mtalazimika kukipasua kwa urefu wake ili kila upande upate haki yake. Pembe itakayokosekana itakuwa ndogo sana. Njooni tuikate. Asanteni kwa kunisikiliza.